Safu Imetoweka Kwenye Jedwali: Kutafuta Chanzo Kabla ya Kubadilisha Chochote

Jedwali la mapokezi ya maziwa, ambalo makarani wa vituo vya Pongwe, Muheza na Maramba hulifungua kwenye kivinjari alfajiri kabla madumu hayajashushwa kutoka kwenye pikipiki, lina safu 14: namba ya mfugaji, jina, kituo, tarehe, lita za asubuhi, lita za jioni, kipimo cha laktomita, kipimo cha alkoholi, bei kwa lita, jumla, makato, malipo halisi, namba ya simu na namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa. Hakuna mtu anayezihitaji zote kwa wakati mmoja. Anayepokea maziwa mlangoni hutazama jina, lita na vipimo viwili vya ubora. Mhasibu hutazama bei, makato na malipo. Ofisa ugani hutaka kujua kituo na simu ya mfugaji ili amfuate nyumbani. Kwa sababu hiyo mfumo una kitufe cha Safu, kinachofungua orodha ambayo mtumiaji huweka tiki kwenye anazotaka kuziona na kuondoa tiki kwenye zile asizozihitaji. Wengi huziita kolamu, na ninapoandika safu nina maana hiyo hiyo. Zile zinazolala nitaziita mistari.

Simu nyingi ninazopigiwa kuhusu jedwali hili huanza kwa maneno yale yale: «Kaka, shikamoo, safu ya makato imepotea.» Neno kupotea limebeba mambo kadhaa yasiyofanana, na kila moja lina tiba yake, hivyo anayekimbilia kufuta historia ya kivinjari au kujisajili upya huenda akaharibu mipangilio mizima ilhali tatizo lilikuwa la kusogeza skrini upande wa kulia. Ninaomba msomaji azuie mkono wake kwanza na ajiulize safu hiyo imekwama wapi njiani. Kabla ya kufika machoni mwako, safu hupita milango mitatu. Mlango wa kwanza ni seva, yaani kompyuta kuu inayotunza taarifa, ambayo huamua ni taarifa zipi akaunti yako inaruhusiwa kupewa. Wa pili ni programu yenyewe ndani ya kivinjari, ambayo hujua majina, upana na utaratibu wa safu. Wa tatu ni chaguo lako ulilolihifadhi, pamoja na ukubwa wa skrini unayoitumia. Orodha iliyo chini ya kitufe cha Safu ndiyo itakayokuonyesha ni mlango upi umefungwa, kwa hiyo ifungue kabla ya jambo jingine lolote.

Jina la safu limo kwenye orodha, lakini halina tiki

Hili ndilo jepesi kuliko yote. Mtu ameificha, na mara nyingi mtu huyo si wewe. Katika vituo vingi kompyuta ni moja na makarani ni wawili, wa asubuhi na wa jioni, nao hutumia kivinjari kimoja bila kufunga akaunti. Ikiwa mfumo huhifadhi chaguo la safu ndani ya kivinjari, basi alichokiondoa wa jioni ndicho atakachokikosa wa asubuhi, hata kama kila mmoja ana jina lake la kuingilia. Rudisha tiki, kisha mzungumze. Kama mzozo unajirudia, kila karani atengenezewe wasifu wake ndani ya kivinjari, jambo ambalo Chrome na Firefox huliruhusu na halichukui zaidi ya dakika chache.

Tiki ipo, lakini safu haionekani

Hapa chaguo lako limehifadhiwa vizuri na seva imeleta taarifa. Kinachokosekana ni nafasi. Chukua hesabu ndogo. Safu 14 zenye upana wa pikseli 120 kila moja, yaani nukta 120 za skrini, zinahitaji pikseli 1,680, na kompyuta mpakato nyingi zilizopo ofisini zina skrini ya pikseli 1,366 kwa upana. Safu za mwisho, yaani simu na NIDA pamoja na sehemu kubwa ya malipo halisi, zitakuwa nje ya ukingo wa kulia, zikikusubiri uzifikie kwa mwambaa wa kusogezea ulio chini kabisa ya jedwali. Mwambaa huo katika baadhi ya kompyuta hujificha mpaka uguswe, kwa hiyo mtu anaweza kukaa wiki nzima akiamini kwamba jedwali linaishia kwenye makato. Shikilia kitufe cha Shift huku ukizungusha gurudumu la kipanya, nalo jedwali litakwenda upande.

Sababu ya pili ni ukuzaji wa maandishi. Karani ambaye macho yake yamechoka hubonyeza Ctrl pamoja na alama ya kujumlisha hadi asilimia 125, na kwa kufanya hivyo ile skrini ya pikseli 1,366 inakuwa kana kwamba ina pikseli 1,093 tu. Ikiwa mtengenezaji ameamuru safu fulani zijifiche zenyewe pale upana unaposhuka chini ya 1,200, basi safu hizo zitatoweka wakati huo huo, na tiki zitabaki mahali pake kwenye orodha. Bonyeza Ctrl na 0 ili kurudi asilimia 100. Zikirejea, umeshajua chanzo, na unaweza kuchagua kati ya maandishi makubwa na safu nyingi. Kwa maoni yangu maandishi makubwa yana haki ya kupewa kipaumbele, kwa kuwa karani asiyesoma vizuri tarakimu za lita atamwandikia mfugaji 8 mahali pa 3, na kosa hilo ni zito kuliko kukosa safu ya simu.

Kwenye simu janja hali ni hiyo hiyo kwa ukali zaidi, kwani skrini yenye upana wa pikseli 360 haibebi zaidi ya safu tatu. Safu zilizogandishwa upande wa kushoto, yaani zilizopangwa zisisogee, kama vile namba na jina la mfugaji, zinaweza kujaza skrini yote ya simu na kuziba kila kinachopita nyuma yake. Mtumiaji husogeza kidole, asione badiliko lolote, akadhani jedwali limekwama. Ondoa ugandishaji kwenye jina, ubakize namba pekee.

Ipo pia sababu moja inayochukua muda mrefu kugunduliwa: safu iliyoburutwa ukingo wake mpaka ikawa nyembamba kama uzi. Mtu alikusudia kupanga utaratibu wa tarehe, akashika mpaka wa kichwa badala ya kichwa chenyewe, akakiburuta kushoto, na mfumo ukahifadhi upana wa sifuri. Tazama kama kati ya vichwa viwili kuna mistari miwili ya mpaka iliyokaribiana. Elekeza kipanya hapo mpaka mshale ubadilike, kisha bofya mara mbili au buruta kulia. Kama hupati pa kushika, tumia amri ya kurejesha mpangilio wa awali. Mtengenezaji naye anapaswa kuweka kikomo, kwa mfano pikseli 48, ambacho safu haiwezi kupunguzwa zaidi yake, maana mtu anayetaka kuficha safu ameshapewa kitufe cha kufanyia hivyo.

Jina la safu halimo kabisa kwenye orodha

Sasa tumerudi nyuma hadi mlango wa kwanza au wa pili. Muulize mwenzako mwenye wadhifa kama wako ikiwa yeye analiona jina hilo. Ikiwa wote hamlioni ilhali msimamizi analiona, hiyo ni ruhusa: seva imepangwa isiwape makarani safu ya malipo halisi au ya NIDA, na kufuta historia ya kivinjari hakutasaidia lolote. Omba ruhusa kwa anayehusika au ukubali kwamba safu hiyo haikuhusu.

Ikiwa mwenzako analiona nawe hulioni, jambo la kwanza kushuku ni programu ya zamani iliyobaki kwenye kompyuta yako. Kivinjari hutunza nakala za mafaili ya tovuti ili kuokoa muda na data, na baada ya mfumo kuboreshwa nakala hiyo inaweza kuendelea kutumika. Bonyeza Ctrl, Shift na R kwa pamoja ili ukurasa upakiwe upya bila kutumia nakala. Katika vituo ambavyo kompyuta haizimwi na kichupo cha mfumo huachwa wazi kwa siku nyingi, kufunga kichupo hicho na kukifungua upya mara nyingi hutosha.

Jambo la pili ni zito zaidi, na nitalieleza kwa urefu kwa ajili ya wale wanaoandika programu, kwa sababu kosa lake huzaliwa mikononi mwetu na kuwaangukia makarani. Mfumo unapohifadhi chaguo la mtumiaji, unaweza kuandika majina ya safu, au unaweza kuandika nafasi zake tu, yaani ya 1, ya 2, ya 3. Kuandika nafasi ni rahisi na ni hatari. Zamani jedwali letu lilikuwa na safu 13, kwani kipimo cha alkoholi hakikuwepo. Simu ilikuwa ya 12 na NIDA ya 13. Karani aliyezificha hizo mbili, chaguo lake lilihifadhiwa kwa maneno «ficha ya 12 na ya 13». Kisha kipimo cha alkoholi kikaongezwa katika nafasi ya 8, baada ya laktomita, na kila kilichokuwa nyuma yake kikasogea hatua moja. Asubuhi iliyofuata karani huyo alifungua jedwali, na mfumo, ukitii amri ile ile ya zamani, ukaficha malipo halisi, ambayo sasa ndiyo ya 12, na simu, ambayo sasa ni ya 13, huku namba za NIDA za wafugaji, alizokuwa amezificha kwa makusudi, zikiwa wazi mbele ya foleni nzima. Hakuna aliyegusa chochote. Ukisikia malalamiko ya aina hii mara tu baada ya maboresho, yaani safu iliyofichwa imeonekana na iliyokuwa wazi imefichika, usitafute mahali pengine.

Tiba yake ni kuipa kila safu utambulisho usiobadilika, mfano «nida» au «malipo_halisi», na kuhifadhi utambulisho huo. Hata hivyo majina peke yake hayamalizi kazi. Ukihifadhi orodha ya safu zinazoonekana, basi safu yoyote mpya itakayoongezwa baadaye haitakuwemo kwenye orodha ya mtu yeyote wa zamani, hivyo wote watasema haipo, wakati mfanyakazi aliyeajiriwa jana anaiona. Ukihifadhi orodha ya safu zilizofichwa, safu mpya itajitokeza kwa kila mtu, jambo linalofaa kwa kipimo cha alkoholi na lisilofaa kwa taarifa nyeti. Mimi hupendelea kuhifadhi zote mbili, pamoja na namba ya toleo la jedwali: mfumo unapofunguka hulinganisha safu zilizopo na zile ambazo mtumiaji amewahi kuziona, na ile asiyoijua huiweka kulingana na uamuzi wa mtengenezaji, kisha humjulisha mtumiaji kwa sentensi moja juu ya jedwali kwamba safu fulani imeongezwa. Safu iliyofutwa nayo iondolewe kimya kimya kwenye orodha yake, kwani nimeona programu ikisimama kabisa, skrini nyeupe, kwa kuwa ilitafuta safu ambayo haikuwepo tena.

Mipangilio inayokuja leo na kuondoka leo

Sisi watu wa Tanga tunajulikana kwa msemo wa waja leo waondoka leo, lakini mipangilio ya jedwali inatakiwa kulala. Karani anapanga safu zake vizuri, anafunga kompyuta, na kesho yake anakuta zimerudi kama zilivyokuwa. Kabla ya kuulaumu mfumo, jua kwanza unahifadhi wapi.

Ikiwa unahifadhi ndani ya kivinjari, elewa kwamba hifadhi hiyo imefungwa kwenye anwani kamili ya tovuti. Anwani inayoanza na http na ile inayoanza na https ni nyumba mbili tofauti kwa macho ya kivinjari, na kadhalika yenye www na isiyo na www. Mtu anayeingia leo kwa alamisho iliyohifadhiwa na kesho kwa kubofya kiungo alichotumiwa kwenye WhatsApp anaweza kuwa anaingia nyumba mbili kwa zamu, na kila moja ina mpangilio wake. Soma anwani herufi kwa herufi. Msimamizi anaweza kulimaliza tatizo hili kwa kuielekeza kila anwani kwenye ile moja yenye https.

Dirisha la faragha nalo hufuta kila kitu linapofungwa, na baadhi ya ofisi zimeweka vivinjari vyao vifute taarifa zote kila vinapozimwa. Kwa wanaotumia iPhone au iPad ipo sababu ya ziada: tangu mwaka 2020 kivinjari cha Safari hufuta taarifa ambazo tovuti imezihifadhi kwa njia ya programu zake iwapo zimepita siku 7 za kutumia Safari bila mtumiaji kuigusa tovuti hiyo. Ofisa anayetembelea vituo mara moja kwa mwezi atakuta mipangilio yake imefutwa kila anapokuja, na hakuna tiki atakayoiweka itakayobadilisha hilo. Hifadhi kujaa ni sababu inayotajwa sana na isiyo na uzito: vivinjari huipa kila tovuti takriban megabaiti 5 za hifadhi ya aina hii, na orodha ya safu 14 haifiki hata sehemu moja ya elfu ya nafasi hiyo.

Ikiwa mfumo unahifadhi chaguo kwenye seva, chini ya akaunti yako, matatizo hayo yote huondoka na mengine huingia. Mtandao ukikatika wakati unapobofya Hifadhi, chaguo halitafika, na mfumo usiposema wazi kwamba limeshindikana utadhani limefika. Vichupo viwili vikiwa wazi, kile kitakachohifadhi mwisho ndicho kitakachoshinda, hata kama mpangilio wake ni wa asubuhi na wa kile kingine ni wa sasa hivi. Na mpangilio uliouandaa kwenye simu, wenye safu tatu, utakukuta umekusubiri kwenye kompyuta. Kwa hilo la mwisho ningeshauri mfumo utunze mipangilio miwili kwa kila mtu, mmoja wa skrini ndogo na mwingine wa skrini kubwa.

Safu ilifichwa, lakini mistari ndiyo iliyopungua

Naliweka tatizo hili karibu na mwisho kwa sababu linahitaji msomaji awe ameshaelewa milango ile mitatu, lakini kwa uzito lingekuwa la kwanza, kwa kuwa linagusa fedha za watu. Fikiria karani anayetaka kuona wafugaji wa Pongwe peke yao. Anaweka kichujio kwenye safu ya kituo, anachagua Pongwe, na jedwali linabakiza Pongwe. Sasa safu ya kituo inarudia neno moja kutoka juu hadi chini, haina faida, inakula nafasi. Anaificha, kwa busara kabisa. Mfumo unahifadhi yote mawili. Kesho yake anafungua jedwali kuandaa muhtasari wa vituo vyote, na hakuna alama yoyote mbele yake inayomwambia kwamba kichujio bado kinafanya kazi, kwa kuwa alama hiyo ya kichujio imechorwa kwenye kichwa cha safu ambayo haionekani. Jumla ya lita iliyo chini ya jedwali imehesabiwa kwa Pongwe pekee. Anaichukua, anaipeleka kwa mhasibu.

Nimeliona hili likitokea katika kituo kimoja, na waliotambua walikuwa wafugaji wenyewe, waliokuja na daftari zao za mkononi wakiuliza lita zao zilikokwenda. Taarifa zilikuwa salama kwenye hifadhidata. Hakuna tone lililopotea. Lakini kwa siku nzima watu walishukiana kwa sababu ya safu iliyofichwa, na mimi bado naona kwamba mfumo unaomruhusu mtu kuficha safu yenye kichujio bila kumwonya una kasoro ya msingi, hata kama kila kipande chake kinafanya kazi kama kilivyoandikwa.

Dalili ya kutazama ni idadi ya mistari. Jedwali lililotengenezwa vizuri huandika chini yake maneno kama «mistari 212 kati ya 640». Namba hizo mbili zikitofautiana, kuna kichujio mahali fulani, uwe unakiona au hukioni. Bofya amri ya kuondoa vichujio vyote, kisha uzitazame tena. Pasipo na namba hizo, onyesha safu zote kwa muda, ukague kichwa kimoja baada ya kingine, na usitoe jumla yoyote kabla ya kufanya hivyo. Mtengenezaji ana njia mbili za kuchagua: kuondoa kichujio safu inapofichwa, au kukiacha na kukiandika juu ya jedwali kwa maneno yanayosomeka, «Kituo: Pongwe», pamoja na alama ya kukiondoa. Naiunga mkono ya pili, kwani ile haja ya karani ya kuchuja na kuficha ni ya halali.

Ndugu wa tatizo hili ni upangaji. Jedwali likipangwa kwa safu ya makato, kisha safu hiyo ikafichwa, majina yataonekana yamevurugika bila utaratibu wowote. Panga upya kwa jina au kwa tarehe, na mambo yatakuwa sawa.

Vichwa havilingani na tarakimu zilizo chini yake

Hili likitokea, acha kutumia jedwali mara moja, kwa sababu lita za jioni zilizokaa chini ya kichwa cha laktomita zinaweza kusomwa kama maziwa yaliyotiwa maji. Chanzo kwa kawaida ni programu iliyoficha kichwa bila kuficha visanduku vyake, au kinyume chake, au mstari wa jumla uliounganisha visanduku kwa idadi ya safu ambayo si sahihi tena. Kupakia ukurasa upya hutatua kwa muda. Suluhisho la kudumu ni kwa mtengenezaji kuchora vichwa, mistari na jumla kutoka kwenye orodha moja ya safu. Kama kinachohitilafiana ni upana tu, vichwa vikiwa vimesogea kidogo na kurudi sawa unapobadilisha ukubwa wa dirisha, hakuna hatari.

Faili lililopakuliwa halifanani na skrini

Mifumo mingine hupakua safu zinazoonekana tu, mingine hupakua zote, na michache huuliza. Jaribu mara moja kwenye mfumo wako, uandike jibu kwenye karatasi ukutani. Zaidi ya hapo, usidhani kwamba kila kilichoharibika ndani ya faili kimeharibiwa na uchaguzi wa safu. Excel, inapofungua faili la CSV, yaani la maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa mkato, huzichukulia tarakimu kuwa namba za kuhesabia, hivyo namba ya simu inayoanza na 0 hupoteza sifuri yake. Namba ya NIDA huumia zaidi: ina tarakimu 20, wakati Excel hutunza tarakimu 15 tu za namba yoyote, na zile 5 za mwisho huzigeuza kuwa sifuri. Ukihifadhi faili hilo, namba halisi haipatikani tena humo. Namba ikiandikwa pamoja na vistari vyake, tarakimu 8, kisha 5, kisha 5, kisha 2, Excel huiacha kama maandishi nayo hubaki salama. Kwa hiyo mtengenezaji asiondoe vistari kwenye safu hiyo anapotayarisha faili.

Safu iliyofichwa bado imo ndani ya kivinjari

Wapo wasimamizi wanaoficha safu ya NIDA kwenye mpangilio wa makarani na kuamini kwamba wameilinda. Fungua jedwali, bonyeza F12, nenda kwenye sehemu ya mtandao, pakia ukurasa upya na usome jibu lililotoka kwenye seva: ikiwa namba zimo, basi yeyote mwenye akaunti ya karani anazipata, tiki iwepo au isiwepo. Namba hiyo huanza na mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa ya mwenyewe, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inayomwajibisha anayekusanya na kutunza taarifa za aina hii. Ulinzi hufanyika kwenye mlango wa kwanza. Seva isiitume kabisa safu ambayo karani hahitaji, na orodha ya safu isimwonyeshe jina lake.

Ukishindwa kupata chanzo

Fanya majaribio mawili, na uyaandike. Ingia kwa akaunti yako katika kivinjari kingine, kisha rudi kwenye kivinjari kile kile cha mwanzo na uingie kwa akaunti ya mwenzako, akiwepo yeye mwenyewe aandike nenosiri lake. Tatizo likikufuata kwenye kivinjari kingine, limo kwenye akaunti au kwenye seva. Likibaki kwenye kivinjari cha mwanzo na kumpata hata mwenzako, limo ndani ya kompyuta hiyo. Mtumie msimamizi matokeo hayo pamoja na anwani kamili iliyo juu ya kivinjari, idadi ya majina yaliyomo kwenye orodha ya Safu, idadi ya yale yenye tiki, na saa ambayo uliona tatizo kwa mara ya kwanza. Picha ya skrini itasaidia sana, ila kabla hujaituma, ziba majina, simu na namba za NIDA za wafugaji, ukiacha vichwa vya safu vionekane vyote kutoka ukingo wa kushoto hadi wa kulia.